Pikipiki Yenye Haikuwaka

"Mama yangu hatapanda pikipiki ya mulolongo. Nimesema."

Pascaline alisema ile maneno akiwa ameikala kwenye mukeka, mutoto mchanga kwenye titi, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Njo vile Nathanaël alijua kazi iko. Mwanamuke akipiga kelele, unangoja apoe. Mwanamuke akisema polepole kama anasoma matangazo ya parokia, unatafuta kofia yako na unatoka.

"Mama Darlène," alimuita bibi yake kwa jina ya mutoto wao wa kwanza, "sasa kuko njia gani ingine?"

"Kuko Nibebe."

Nathanaël alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Aliifungua, akaifunga tena.

Kasongo ya leo, mutu akishuka ndege, njia ya kufika mujini ni mbili. Ya kwanza ni mulolongo: wamotari wa kiwanja wanapanga pikipiki zao kando ya barabara, Moussa, prezida wao, anapiga filimbi, mwenye iko mbele anabeba. Ya pili ni Nibebe, ile aplikasyo Glody alileta kutoka Kindu: unafinya telefoni, pikipiki inakuja, ukifika unamupa motari nyota, moja mupaka tano. Watu wa mulolongo wanasema Nibebe ni wezi. Watu wa Nibebe hawasemi kitu, juu wakisema watapigwa.

"Umesahau Yvette?" Pascaline aliendelea. "Mudogo wangu alishuka ndege, wamotari wawili wakashika valize yake, huyu anavuta huku, huyu anavuta kule, mupaka mukono ya valize ikabaki kwa mmoja na valize kwa mwengine. Na wote wawili wakamulipisha! Sasa mama iko na bandeji kwa jicho. Yeye watamuvuta nini? Kichwa?"

"Nitasema na prezida. Atamupa Ramazani. Ramazani anaendeshaka kama amebeba mayai."

Na juu ya nini mama abebwe na Ramazani, wakati mukwe wake mwenyewe ni motari? Ile swali hakuna mutu wa huku ataiuliza. Mwanaume na mama ya bibi yake hawashikane mikono, hawakule sahani moja, hawaangaliane kwa macho. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwa majani mwengine apite. Sasa pikipiki! Pale mwenye kupanda anamubana mwenye kuendesha na magoti mbili, na kilima ikifika anamushika kiuno! Hapana. Afazali mutu atembee na magoti mupaka Nyangwe.

Lakini kuko kitu Pascaline hakujua. Hakujua kama bwana yake ni Namba Saba.

Glody hakuandikaka majina ya wamotari wake. Aliogopa mulolongo itawafuata nyumbani. Aliwapa namba, na kwa pahali ya picha aliweka kaske, ile kofia ngumu ya motari. Nathanaël aliingia mule juu ndege ni chache na mulolongo ni murefu kama mukia wa nyoka. Unaweza kupangusa kiti ya piki yako kila siku ya ndege mupaka mwezi ukufe, na filimbi haijakuita. Hakumuambia bibi yake. Aicha, bibi ya prezida Moussa, anakujaka kila asubuhi kumuosha mutoto mchanga. Kile Pascaline anajua wakati wa chai, Aicha anakijua maji ikipata moto, na mangaribi Moussa anakikula pamoja na bugali.

"Usifinye ile kitu," Nathanaël alisema. "Rezo ya telefoni ikikatika, mama atabaki pale na jicho yake."

"Sawa."

"Mama Darlène. Umesikia?"

"Nimesema sawa, Baba Darlène. Wende, ndege haitakungoja."

"Sawa" ya Pascaline ni nyumba yenye vyumba mingi. Nathanaël hakuingia hata kimoja. Alivaa jile yake, ile kizibao ya mulolongo, akasukuma pikipiki mupaka barabarani, akaiwasha.

 

Siku ya ndege, kazi ya kwanza ya wamotari si kubeba watu. Ni kufukuza mbuzi. Wanashuka wote kwenye kiwanja na fimbo, wanapiga miluzi, wanatukana mbuzi na wenye mbuzi, mupaka udongo mwekundu inabaki wazi. Kisha wanarudi kwenye mulolongo, wanapangusa viti, wanaangalia juu.

Nathanaël alimukuta Moussa chini ya hanga ya mabati. Moussa ni mutu munene, kofia ya kufuma kwenye kichwa, filimbi kwenye shingo.

"Prezida, kiliya wangu, abiria wa leo, ni mama mukwe. Anatoka hospitali kule Bukavu. Walimutoa mutoto wa jicho."

"Mukwe!" Moussa alicheka tumbo likatingisika. "Na weye utajificha wapi?"

"Nyuma ya mulolongo. Nitageuka. Naomba Ramazani amubebe, hata kama si zamu yake."

"Ramazani!"

"Ee, prezida."

"Leo unabeba jicho ya watu. Shimo moja tu ukiingia, usirudi hapa."

"Nitapita kama mafuta."

Moussa alimupiga Nathanaël kwenye bega. "Unaona? Tunasaidiana. Njo kazi ya mulolongo. Ile vitu vya telefoni haina mukono ya kukushika."

Nathanaël alisema aksanti. Aliangalia viatu vyake.

Ndege ilizunguka mara moja, ikashuka, ikarusha mavumbi kwa kila mutu bila ubaguzi. Mapadri walipokea mugeni wao, wakamuingiza kwa jeep, wakaondoka. Wachuuzi walishuka na mizigo yao. Filimbi ililia, ikalia, mulolongo ikasogea. Wa mwisho kutoka alikuwa Mama Régina, kitenge ya bluu, sakoshi moja, bandeji nyeupe imeziba jicho moja na nusu ya paji. Ile jicho ingine ilikuwa inatoa machozi juu ya mwangaza. Alishika mukono wa mutu wa ndege na alikanyaga chini kama mutu anayeingia mutoni.

Nathanaël aligeuka, akaangalia majani. Ramazani alienda kupokea sakoshi.

Ile saa njo telefoni ililia.

"Nibebe! Nibebe! Kiliya anakungoja!"

Ni sauti ya mudogo wa Glody, pamoja na ngoma nyuma. Kasongo muzima unaijua. Watoto wanaiimba wakienda kuchota maji. Lakini pale kiwanjani, ilikuwa kama kupiga kelele ya mwizi katikati ya soko. Kila kichwa iligeuka. Nathanaël alijipiga mufuko wa suruali kama mutu mwenye siafu imemupanda. Alfajiri alikuwa amewasha Nibebe, alisema labda atapata kiliya mmoja mbele ya ndege. Kuizima, alisahau.

"Nibebe! Nibebe!"

Moussa alinyosha mukono. "Lete."

"Prezida..."

"Lete, nimesema."

Moussa alisogeza telefoni mbali na macho, vile wanaume wa miaka yake wanasomaka, akasoma kwa sauti: "'Kiliya: Mama Régina. Anatoka: kiwanja ya ndege. Mwenye kuita: Pascaline.'"

Kisha mulolongo muzima ukapasuka.

"Mukwe anaita mukwe!"

"Nathanaël, leo utabanwa kiuno, ndugu yangu!"

"Mama, umushikilie muzuri, kule mbele kuko kilima!"

Moussa yeye hakucheka. Alikuwa anatafuta namna ya kunyamazisha ile kelele, na kidole yake nene ilifinya pale penye rangi ya majani. Ile sauti ikasema, kwa furaha yote: "Umekubali! Aksanti, Namba Saba! Safari njema!"

"Namba Saba," Moussa alisema.

Kicheko ikakufa.

"Namba Saba tulimutafuta kila pahali. Namba Saba mwenye alibeba muchuuzi wa dhahabu kutoka hapa, mbele ya macho yetu, akapita njia ya nyuma. Namba Saba, kumbe unakuja kufukuza mbuzi pamoja na sisi." Alinyosha tena mukono. "Vua jile."

Nathanaël aliivua. Chini alikuwa na tirikoo yenye kutoboka kwenye kwapa, na watu waliona.

"Ramazani, weka ile sakoshi chini."

"Mukubwa, mama ni mugonjwa..."

"Weka chini! Leo ni mama mugonjwa, kesho ni shefu wa mutaa, keshokutwa hakuna mulolongo. Kiliya wa Nibebe anabebwa na Nibebe. Ile sheria tuliiandika wote."

Mama Régina alikuwa amesimama pale na machozi ya jicho moja, anageuza kichwa kufuata sauti.

"Mwanangu," alimuambia Ramazani, "umechoka mbele ya kubeba?"

Moussa alibadilisha sauti, akasema kama mutu anaongea na mama wa watu. "Mama, utusamehe. Binti yako ameita watu wa telefoni. Sisi hatuwezi kukugusa."

"Na huyo mutu wa telefoni iko wapi?"

Mutu mmoja alikohoa. Ramazani akaangalia chini, akasema:

"Ni mukwe wako, mama."

Mama Régina aligeuka ile dakika, akavuta kitenge juu ya kichwa. Nathanaël naye alikuwa ameshageuka zamani. Wakasimama vile katikati ya wamotari, mugongo kwa mugongo, hatua chache katikati yao, kila mmoja anaangalia upande wake kama watu wanaolinda daraja.

Moussa alimurudishia telefoni, na Nathanaël akamuita Glody.

"Tuma mwengine," alisema. "Haraka."

"Mwengine gani? Wote wako Salamabila, kule wamechimbua shimo mupya ya dhahabu, watu wanapanda usiku na muchana. Karibu na kiwanja ni weye tu."

"Siwezi kumubeba. Ni mukwe wangu."

"Ndugu yangu, mi sikuweka ile kitu ndani ya aplikasyo. Umeshafinya 'nakubali'. Ukimuacha, nakukata."

Rezo ikakatika, ao Glody akakata. Upande wa muto Lualaba mawingu ilikuwa imeanza kupandana, nyeusi kama sufuria ya matanga.

"Kuko njia," Moussa alisema. "Ufute ile kitu kwa telefoni, hapa mbele yetu. Ulipe amandi, faini ya mbuzi moja. Leo. Ramazani anamubeba mama na tunasahau."

"Mbuzi natoa wapi leo, prezida?"

"Mwenye anaiba kiliya wa watu hakosi mbuzi."

Hapo njo Nathanaël alisema kile hakutaka kusema. Alikisema na mugongo, anaangalia majani, lakini wote walisikia.

"Pascaline alipozaa, walimufunga kwa maternité, nyumba ya kuzalia. Alizaa muzuri, mutoto muzima, lakini walikatala atoke mupaka tulipe. Alikuwa analala chini, kitanda wakampa mwengine. Nilikuja kwenu, prezida. Mukaniambia sanduku ya mulolongo ya kusaidiana iko mutupu. Njo niliingia Nibebe. Nibebe njo ilimutoa."

Moussa alipapasa filimbi yake.

"Sanduku ilikuwa mutupu juu ya mguu ya André," alisema. "Alivunjikia njia ya Kabambare, wanne tulimubeba kwenye machela. Munganga alitaka pesa mbele ya kugusa. Kama ungekuwa ni mguu yako, ungefurahi. Uniambie: André angekuwa wa Nibebe, wangemutumia nini? Nyota?"

Tone ya kwanza ilianguka kwenye udongo, ikaacha alama kama franga.

"Ramazani," Mama Régina aliita. Alikuwa ameshika jina yake haraka. "Uulize huyo mwenye iko nyuma yangu. Pikipiki yake inawaka?"

Ramazani aliangalia. "Imezima, mama."

"Pikipiki yenye imezima ni kitu gani?"

Wamotari waliangaliana. "Ni chuma tu, mama," Ramazani akasema.

"Juu ya chuma mutu anaweza kuikala?"

"Anaweza."

"Basi nitaikala juu ya chuma. Munganga amekatala nisitembee mbali, nisibebe kitu kwa kichwa, nisiinamie chini. Hakukatala chuma. Mwenye chuma atasukuma chuma yake. Lakini umuambie: ikiwaka hata kidogo, nashuka."

 

Njo vile Kasongo iliona ile kitu.

Nathanaël aliweka koti yake ya mvua kwenye kiti, akasogea mbali. Ramazani alimusaidia mama kupanda, miguu upande moja, vile wanawake wanapandaka kinga, baiskeli. Ile ya kusaidia kupanda, Moussa hakuikataza, aliangalia ndege. Kisha Nathanaël alirudi, akashika musukani akiwa kando, kwa mbele, akainamisha kichwa, akasukuma. Nyuma yake mutu wa mulolongo alipiga muluzi. Hakuna mwenye alimufuata na kicheko.

Pikipiki yenye imezima na mutu juu ni nzito kuliko ile yenye inawaka. Njia inatelemuka kidogo ikitoka kiwanjani, kisha inapanda kwa muda murefu. Mvua haikuwa imekamata sana. Ilikuwa inamwagika polepole, kama mutu anafikiri. Mama Régina aliikala wima, kitenge juu ya bandeji, koti ya mvua kwenye mabega, mikono imeshika chuma ya nyuma. Hakushika kitu ingine.

"We piki," alisema.

Nathanaël aliendelea kusukuma.

"We piki, naongea na weye. Umuambie mwenye anakusukuma: mwanangu walimufunga maternité kwa wakati gani? Mbona kwa telefoni aliniambia iko nyumbani anakula samaki?"

Nathanaël alipumua mara mbili. Alisema kwa musukani: "Piki, umuambie mama kama tuliogopa. Alikuwa anangoja kupasuliwa jicho. Tulisema akisikia, atalia, na jicho yenye inalia hawapasue."

"Piki, ile ni kweli. Munganga alisema vile."

Waliendelea. Kwenye bomba ya maji, wanawake waliacha kusukuma mukono ya bomba. Mama mmoja muzee aliweka beseni yake chini, akapiga makofi ya heshima, akiinama. "Muone mukwe! Ile njo mukwe!" Mwenye iko pembeni yake akasema: "Mukwe wapi? Piki yake imekufa, maskini, kiliya anamuonea huruma." Wakaanza kubishana, na ile bishano ilibaki nyuma yao.

Kwenye kilima, muguu ya Nathanaël iliteleza. Piki ikayumba. Mama Régina akapeleka mukono mbele, karibu na bega yake. Mukono ikasimama pale hewani, kisha ikarudi kwa chuma.

"We piki," alisema baadaye kidogo, "usiwe na haraka. Sina mutu mwenye ananingoja kule anipige."

Kitu yenye hakujua ni kwamba kuko mwenye alikuwa anawangoja, na telefoni kwa mukono.

 

Pascaline alikuwa amesimama kwenye mulango tangu mvua ianze, mutoto kwa mugongo. Kwenye telefoni aliona ile kaske ndogo ya Namba Saba inasogea kwenye barabara kama konokono kwenye ukuta. Inasimama. Inasogea. Inasimama. Mama yake, na bandeji, kwenye mvua! Alijaribu kupiga, haikupita. Basi alifinya vile watu wa hasira wanafinyaka. Nyota: moja. Pale wanasema "andika maoni", aliandika.

Piki ilitokea kwenye pembe ya nyumba, na Pascaline alianza kusema mbele ya kuona muzuri.

"Weye Namba Saba! Nimekupa nyota moja, kama kungekuwa nusu ningekupa nusu! Nimeandika: huyu shofere hakuzaliwa na mama! Unalala njiani na mama wa..."

Bwana yake alikuwa anavuja maji kutoka kwa nywele mupaka viatu, na juu ya pikipiki mama yake alikuwa ameikala, mukavu.

"Nishushe, mwanangu," Mama Régina alisema. "Na weye piki, aksanti."

Pascaline alimuingiza mama ndani, nyuma ya rido, ile pazia ya chumba, akamuwekea mukeka na birika ya chai. Akatoka. Telefoni ya Nathanaël ilikuwa inalia. Ilikuwa Glody.

"Namba Saba, nimekukata. Kiliya anasema hukuzaliwa na mama. Kitu kama ile inaniharibia jina mupaka Kindu."

"Glody, kiliya ni bibi yangu."

"Kiliya ni kiliya."

Na ile kaske ndogo ikapotea kwenye telefoni.

"Namba Saba ni weye," Pascaline alisema. Haikuwa swali. "Na pesa ya maternité. Uliniambia mulolongo ililipa."

"Nilikuambia vile."

"Nilimushukuru Aicha! Kila asubuhi alikuja kuosha mutoto, nilimushukuru. Nilimuimbia! Mbele ya majirani! Aicha anafurahi tu, kumbe ye naye hajui namuimbia nini!"

"Kama ningekuambia, Aicha angejua."

"Ulimi yangu iko vile?"

Nathanaël alikamua tirikoo yake. Pascaline alienda kuikala kwenye jiko akampa mugongo, siku ya migongo ilikuwa bado haijaisha. Kisha akaambia moto: "Nilikupa nyota moja."

"Niliona."

"Haiwezi kurudi?"

"Nyota ikishaanguka, nani alishaiona inapanda?"

 

Mvua ilipoacha, Moussa alikuja, na Ramazani nyuma yake. Alikataa kiti, kisha akaikubali. Alikuwa amekunja jile ya Nathanaël chini ya kwapa.

"Nimekuja kama prezida," alianza. "Aicha amesikia ile habari kwenye bomba. Ananiambia hatanipashia maji ya kuoga mupaka nikuje. Lakini mi sikuje juu ya maji. Nimekuja kama prezida."

"Karibu, prezida."

"Mulolongo wamekaa, wameongea. Wengine wanasema utoke kabisa. Ramazani hapa anasema, mutu mwenye anasukuma mukwe wake kwenye mvua, tukimufukuza, mujini watasema sisi hatuna wakwe. Mi nasema hivi: uchague. Mulolongo ao Nibebe. Mutu hapandi piki mbili."

Nathanaël alimuonyesha telefoni. Moussa aliisogeza mbali na macho, akasoma, akasoma tena.

"Wamekukata?"

"Juu ya nyota moja."

"Nani alikupa?"

Nathanaël aliangalia upande wa jiko. Pascaline alikuwa anapuliza moto, na moto ilikuwa inawaka muzuri tu, haikuwa na haja ya kupulizwa.

Moussa alicheka mupaka kofia ikamutoka. Ramazani aliiokota, akaipangusa. "Basi hakuna kitu ya kuchagua," Moussa alisema, akifuta macho. "Bibi yako amechagua. Sikia. Utarudi, lakini mulolongo iko na mukia, na weye utaikala kwenye mukia. Kila mutu anapita mbele yako, hata mwenye ameingia jana. Na mbuzi ya amandi unatoa."

"Prezida, mbuzi..."

"Mbuzi ni mbuzi. Ile siwezi kugusa. Nikiigusa, watasema ni maji ya kuoga."

Nathanaël alihesabu kichwani vitu vya nyumba vyenye vinaweza kuwa mbuzi. Pikipiki si yake yote. Redio ilishakuwa dawa. Kulikuwa sufuria kubwa, lakini sufuria kubwa ilikuwa inapika.

Nyuma ya rido, sauti ikasema: "We birika."

Moussa alivaa kofia yake haraka, akaikala muzuri.

"We birika, umuambie mwenye nyumba. Ile mbuzi jike yenye mukwe alileta siku ya mahari haikukufa. Iko kwangu Kabambare. Imezaa, na mutoto wake amezaa. Siku ya kwanza nilisema, hii ni mbuzi ya mutu maskini, itakufa kwa wiki. Haikukufa. Basi mmoja wa wajukuu wake aende kulipa ile deni ya kiwanja."

Nathanaël alitafuta pahali ya kuweka macho. Birika ilikuwa kule ndani pamoja na mama. Yeye alikuwa na rido tu.

"Rido, umuambie mama aksanti sana. Lakini mama atafika Kabambare namna gani? Bandeji ikitoka, atataka kurudi kwake. Na mbuzi inatakiwa kufuatwa. Mi siko tena na pesa ya kumulipa motari mwengine ile njia yote. Na kusukuma mupaka Kabambare..."

"Ukifika, huyu mutoto ameshaoa," Ramazani alisema, akamuonyesha mwenye kulala kwa mugongo wa Pascaline.

Hakuna mwenye alicheka sana. Walisikia kikombe inawekwa chini, kule nyuma. Walisikia mukeka unalia, kama mutu amegeuka kuelekea kwao.

"Nathanaël."

Pascaline aliacha kupuliza. Tangu ndoa, mama yake hajatamka ile jina. Alisemaka "ule", "mwenye nyumba", "baba ya Darlène". Nathanaël alisimama bila kujua sababu.

"Mama," alijibu.

"Siku ya kwenda Kabambare," Mama Régina alisema, "piki utaiwasha."